Sekunde 16 pale Gibraltar: Jenerali Sikorski aliuawa au ndege ilijiangukia tu?

Mchimba Kumbukumbu (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Juzi nilipita Tengeru, nikaingia kwenye yale makaburi ya Wapolandi ndani ya chuo cha mifugo. Kwa msiojua, wakati wa Vita Kuu ya Pili pale kulikuwa na kambi ya wakimbizi kutoka Poland wapatao 5,000, wengi wao akina mama na watoto. Makaburi karibu 150 bado yapo, yanafyekwa, misalaba imesimama. Nikajiuliza hawa watu walifikaje chini ya Mlima Meru. Nikaanza kusoma, na kufika alfajiri nikajikuta niko Gibraltar badala ya Arusha.

Iko hivi. Hitler na Stalin waliigawana Poland mwaka 1939. Upande wa Stalin, familia kwa familia zikapakiwa kwenye mabehewa kupelekwa Siberia na Kazakhstan. Aliyewafungulia mlango ni Jenerali Władysław Sikorski, waziri mkuu wa serikali yao iliyokuwa uhamishoni London. Julai 1941 alitia saini mkataba na Wasovieti, watu wakaachiwa, wakatokea Iran, na baadhi yao wakaletwa kwa meli hadi Mombasa, Tanga na Dar.

Huyo Sikorski, usiku wa tarehe 4 Julai 1943, saa 5 na dakika 7, aliondoka Gibraltar kurudi London kwa ndege ya usafirishaji ya jeshi la anga la Uingereza, Liberator namba AL523. Sekunde 16 baada ya kuacha ardhi ikaingia baharini. Ndani walikuwa 17, wakafa 16. Aliyepona ni mmoja tu, na huyo mmoja ndiye rubani.

Ndege ya injini nne, rubani mzoefu, inaangukaje ndani ya sekunde 16? Wajuzi wa ndege na wajuzi wa historia, mwageni.

Kiti cha Nyuma

Nimeweka kambi. Chai ya rangi na maandazi viko tayari.

Mzee wa Kijiweni

Mleta uzi unauliza makofi polisi. Angalia tarehe. Aprili 1943 Wajerumani wanatangaza wamefukua maiti za maofisa wa Poland msitu wa Katyn kule Urusi, waliouawa na watu wa Stalin. Sikorski anaomba Msalaba Mwekundu wachunguze. Stalin anakasirika, tarehe 25 Aprili anavunja uhusiano na serikali yake. Julai mtu yuko chini ya maji. Churchill alikuwa anamhitaji nani kushinda vita, Stalin mwenye mamilioni ya askari au mkimbizi mwenye ofisi ya kupanga London? Mwenye macho haambiwi tazama.

Shahada ya Mtaani

Naunga tela kwa Mzee. Ongezea hili: mkuu wa ujasusi wa Waingereza pale Gibraltar alikuwa Kim Philby, ambaye baadaye ilijulikana ni jasusi wa Moscow. Alikuwepo usiku ule ule. Kesi imeisha, funga uzi.

Mwalimu wa Zamu

@Shahada ya Mtaani punguza mwendo. Philby hakuwa Gibraltar. Alikuwa Uingereza, anaongoza kitengo cha kupambana na majasusi kwa upande wa Hispania na Ureno. Gibraltar ilikuwa kwenye eneo lake la kazi, hilo sawa, na mwaka 1963 kweli alikimbilia Moscow. Lakini kusema alikuwepo usiku ule ni chai, tena haijakolea majani.

Cha kweli kinachofanana na hicho ni Ivan Maisky, balozi wa Wasovieti, yule yule aliyetia saini na Sikorski mwaka 1941. Ndege yake ilitua Gibraltar asubuhi ya tarehe 4 Julai, ikaendelea na safari siku hiyo hiyo. Gavana Mason-MacFarlane alikuwa na kazi ya kuhakikisha hao wawili hawagongani kwenye korido.

Shahada ya Mtaani

Haya, Philby namtoa. Lakini umeniletea mwingine mkubwa zaidi. Asante.

Pwani Haikauki

Mnalitaja jina mnalipita. Gibraltar ni Jabal Tariq, jabali la Tariq bin Ziyad aliyevuka kutoka Morocco mwaka 711. Yaani neno tunalo hapa hapa Kiswahilini: jabali. Endeleeni.

Baharia Mstaafu

Nimewahi kukanyaga pale, meli yetu ilipita kujaza mafuta. Uwanja wa ndege umebanwa kati ya lile jabali na mpaka wa Hispania, upande mmoja maji na upande wa pili maji. Miaka hiyo niliyofika mimi, barabara kuu ya kuingia mjini ilikuwa inakatiza katikati ya njia ya ndege. Geti linafungwa kama la treni, mnasubiri ndege itue, halafu mnavuka na baiskeli zenu. Kwa hiyo anayepaa kuelekea mashariki hana uwanja wa kujutia. Akimaliza lami yuko juu ya Mediterania.

Fundi Bawa

Wakuu, mimi kazi yangu ni ndege, ndogo na za kati, mwaka wa 19 huu. Siasa nawaachia.

Nyuma kwenye mkia kuna vibawa vinavyocheza juu na chini, tunaviita elevata. Rubani akivuta usukani kifuani, vinanyanyuka, mkia unashuka, pua inapanda. Akisukuma, pua inainama. Kwenye ndege za zama zile hakukuwa na kompyuta. Toka usukani hadi mkiani ni nyaya za chuma zinazopita kwenye puli, mita kwa mita.

Sasa rubani, Mcheki anaitwa Eduard Prchal, aliiambia tume ya Waingereza iliyochunguza ajali hivi: ndege iliinuka vizuri. Alipofika kama futi 150 akasukuma usukani mbele kidogo ili apate mwendo kabla ya kuendelea kupanda. Ilikuwa kawaida yake. Alipotaka kuuvuta urudi, ukagoma. Akavuta kwa nguvu, haukusogea. Piga hesabu mwenyewe: futi 150, pua imeinama, muda uliobaki haufiki hata kumaliza Baba Yetu.

Tume ilianza tarehe 7 Julai ikamaliza tarehe 25. Ikasema elevata zilikwama. Zilikwamishwa na nini? Haikuweza kusema. Halafu hapo hapo ikasema hujuma hakuna. Hiyo ndiyo sentensi iliyozaa maneno yote haya kwa miaka zaidi ya 80. Kama hujui kilichokwamisha, umejuaje si mkono wa mtu?

Mama Junia

Fundi, swali la mtu asiyejua. Ndege ikiegeshwa si huwa wanafunga hivyo vibawa visipigwe na upepo? Inawezekana walisahau kufungua?

Fundi Bawa

Swali zuri, na imeshaua watu wengi sana duniani hiyo. Ila hapa haiingii. Kama ingekuwa imefungwa, asingeinua pua kutoka kwenye lami. Aliinua. Kwa hiyo elevata zilikuwa huru wakati wa kupaa, zikakwama sekunde chache baadaye. Kitu kiliingia pale katikati.

Na vitu vinaingia, dada yangu. Sitataja ni wapi, ila mwaka fulani tulifungua sakafu ya ndege ya abiria 12 iliyokuja kwa ukaguzi wa kawaida. Tukakuta tochi. Tochi ya mkononi, na betri zake, imelala sentimita chache kutoka kwenye waya wa mkia. Imesafiri na abiria miezi minne. Hakuna jasusi aliyeiweka. Aliiweka mwenzetu mmoja, na nilimjua kwa sababu jina lake alikuwa ameliandika kwa wino.

Kiti cha Nyuma

Miezi minne!! Mimi nimepanda hizo za abiria 12 mara ngapi sijui. Kuanzia leo ni basi.

Mzee wa Kijiweni

Ukipanda basi ndiyo usalama? Hahaha.

Mizani

Mimi napanga mizigo ya ndege, naomba niingie. Mnasahau mfuko wa barua. Baada ya ndege kuondoka, kuna mfuko mmoja wa barua ulikutwa umelala kwenye njia ya kurukia. Ndege imepaa, barua zimebaki. Ulitokaje?

Liberator iliundwa kubeba mabomu. Ile ya abiria ni kwamba watu wanakaa palipokuwa tumbo la mabomu, na mizigo inasukumwa popote penye uwazi, pamoja na kule puani linakojikunja gurudumu la mbele. Kama mfuko mmoja ulipata upenyo wa kudondoka nje, mingine nayo ilikuwa inacheza. Mfuko wa barua ni turubai, unajikunja na kujibana popote. Ukibanwa na gurudumu linapopanda, ukaegemea waya au puli, umemaliza.

Hayo ni mawazo yangu mimi mpanga mizigo, tume haikusema hivyo. Ila kila siku tunapigizana kelele na vijana kuhusu kufunga nyavu. Wanaona ni usumbufu.

Mwalimu wa Zamu

Mfuko wa barua wenyewe wenye mashaka wanaugeuza kinyume: kwamba kuna mlango ulikuwa wazi, na mtu alikuwa anahangaika ndani wakati ndege inakimbia. Kila ushahidi wa tukio hili una mikono miwili.

Daktari wa Masikio

Jina la utani tu, ila kweli ni daktari. Nashangaa hakuna aliyegusa sikio.

Ndani ya sikio kuna vifuko vinavyotuambia tumeinama au tumeinuka. Ndege inapokimbia kwa kasi usiku, halafu mbele ni bahari tupu isiyo na taa, vifuko hivyo vinadanganywa. Ule msukumo wa kwenda mbele ubongo unausoma kama pua inapanda sana. Rubani anasukuma usukani chini ili kusawazisha kitu ambacho hakipo. Anaingia ardhini au majini akiamini anapanda. Ni jambo linalojulikana sana kwenye tiba ya anga, na linatokea hasa hapo hapo, dakika ya kwanza baada ya kupaa gizani. Linganisheni na maneno yake mwenyewe: nilisukuma mbele kidogo.

Fundi Bawa

Daktari, nakubali kuwa lipo. Lakini rubani alisema usukani uligoma, hakusema alidhani anapanda.

Daktari wa Masikio

Alisema hivyo akiwa hospitali, amevunjika, wenzake 16 wamekufa. Simwiti mwongo. Kumbukumbu ya mtu aliyeponea chupuchupu hujishona upya yenyewe, na anaamini kila neno.

Fundi Bawa

Kwa hiyo ushahidi wa pekee tulionao tuutupe kwa sababu una maumivu?

Daktari wa Masikio

Tusiutupe, ila tusiufanye msahafu.

Shahada ya Mtaani

Ngoja sasa. Mnaongelea kumbukumbu, ongeleeni jaketi. Prchal alikuwa maarufu kwa kutovaa jaketi la kuokolea. Mwenyewe aliiambia tume hakulivaa usiku ule. Waliomtoa majini walimkuta amelivaa, limefungwa. Mtu anavaaje jaketi ndani ya sekunde 16 huku anapigana na usukani uliogoma? Alijua ndege inaenda wapi kabla haijaondoka.

Mvuvi wa Ukara

@Shahada ya Mtaani kwa heshima zote, hujawahi kuzama.

Mimi nimezama. Tulikuwa sita, mtumbwi wa injini, usiku, upepo wa kusini. Walionitoa wanasema nilikuwa nimekumbatia dumu la lita 20 na kamba nimeifunga mkononi mafundo mawili. Mafundo yangu, nayafahamu nifungavyo. Mpaka leo sikumbuki kushika dumu wala kufunga kamba. Nakumbuka taa ya chemli inaanguka, halafu nakumbuka mchanga mdomoni. Katikati hapo hakuna kitu. Ukiniuliza mahakamani nitasema sikushika dumu, na nitaapa.

Mama Junia

Pole sana kaka. Wenzako je?

Mvuvi wa Ukara

Wawili hatukuwaona tena. Tuendelee na ndege.

Shahada ya Mtaani

Pole mkuu. Hapo nanyamaza kidogo.

Mwalimu wa Zamu

Kuhusu Prchal, tumtendee haki. Alipigana Ufaransa mwaka 1940, akapigana juu ya Uingereza mwaka huo huo, ndipo akahamia ndege za usafirishaji. Baada ya vita alirudi kwao Chekoslovakia, wakomunisti wakashika nchi, naye mwaka 1950 akatoroka kwa ndege aina ya Dakota, akaruka nayo hadi Uingereza na mke na mtoto wao ndani. Sasa niambieni: kama alikuwa kibaraka wa Moscow, aliwatoroka wa nini?

Miaka ya 60 Mjerumani mmoja alitunga tamthilia iliyodai Churchill ndiye aliyepanga kifo, na rubani alishiriki. Prchal akamshitaki London akashinda, akapewa fidia ya pauni 50,000. Alifia Marekani mwaka 1984, hadithi yake hajaibadilisha.

Mzee wa Kijiweni

Kushinda kesi London dhidi ya anayemsema Churchill, hiyo nayo ni ushahidi? Kesi ya nyani.

Msomi wa Kraków

Niko Poland mwaka wa nne sasa, nasoma uhandisi. Kama mnadhani nyie mnabishana, njooni mkae meza moja na Wapolandi siku ya sikukuu. Babu anasema Warusi. Mjomba anasema Waingereza. Shangazi anasema Wapolandi wenyewe, kwa sababu kulikuwa na maofisa wao waliomchukia Sikorski kwa kutia saini na Stalin bila kupata uhakika wa mipaka ya mashariki. Wajerumani hawatajwi kabisa, wakati redio ya Berlin ndiyo iliyokuwa ya kwanza kupiga kelele kwamba Waingereza wamemuua rafiki yao.

Sikorski alizikwa kwanza Newark, Uingereza, kwenye makaburi ya marubani wa Kipolandi. Mwaka 1993 akaletwa hapa kanisa kuu la Wawel, mahali wanapozikwa wafalme. Novemba 2008 wakafungua jeneza tena. Madaktari wakakuta majeraha ya mtu aliyepata ajali ya ndege. Hakupigwa risasi, hakunyongwa, hakuna sumu. Kwa hiyo ile hadithi ya kwamba aliuawa kwanza ndipo akapakiwa ndegeni, ifutwe.

Mwaka 2013 Taasisi ya Kumbukumbu ya Taifa ikafunga jalada: hakuna ushahidi wa kuthibitisha hujuma, na hakuna wa kuikanusha. Shangazi aliposikia hivyo alicheka hadi akamwaga supu.

Kiti cha Nyuma

Supu ya nini? Tuanzie hapo.

Msomi wa Kraków

Ya viazisukari vyekundu, wanaita barszcz. Utaizoea.

Shahada ya Mtaani

Nimerudi. Na binti yake je? Zofia Leśniowska alikuwa ndani, alikuwa mkuu wa askari wanawake wa Kipolandi. Mwili wake haukupatikana mpaka leo. Na kuna watu walisema alionekana baada ya vita kwenye kambi ya wafungwa Urusi.

Mvuvi wa Ukara

Bahari kutorudisha maiti si ajabu. Ajabu ni ikirudisha zote.

Mwalimu wa Zamu

Hiyo ya kambi ni uvumi tupu, haina mguu. Ila kabla hamjanigeukia mkadhani mimi ni wakili wa Waingereza: mwaka 1969 ofisi ya baraza lao la mawaziri ilipitia upya mafaili kimyakimya. Ikakiri ulinzi wa ndege pale Gibraltar ulikuwa legelege na nafasi ya mtu kuichezea ilikuwepo. Wao wenyewe. Tume ya 1943 iliposema hapana kwa sauti kubwa vile, ilikuwa vitani, na maiti ni ya mshirika.

Tena Sikorski alishawahi kuponea. Mwishoni mwa 1942, Montreal kule Canada, ndege aliyopanda ilipoteza nguvu ya injini ikijaribu kupaa. Walitoka salama. Mtu mmoja, matukio mawili ya kupaa, miezi saba. Fundi utasema ni bahati mbaya.

Fundi Bawa

Nitasema ilikuwa vita. Ndege zilikuwa zinaundwa usiku na mchana na kurushwa bila kupumzika, mafundi ni vijana wa miaka 20 wasiolala. Zilianguka kila siku zikiwa na makoplo ndani, hakuna aliyeandika uzi.

Namba Hazidanganyi

Sekunde 16. Wafu 16. Halafu Ndola 1961, ndege ya katibu mkuu wa Umoja wa Mataifa Dag Hammarskjöld, waliokuwa ndani 16, wote wakafa. Unganisheni nukta.

Kiti cha Nyuma

Nimeunganisha, imetoka picha ya mbuzi.

Mwana wa Lubumbashi

Hiyo ya Ndola ni ya kwetu, msiiweke kwenye bahati nasibu. Alikuwa anakuja kuonana na Tshombe, kiongozi wa Katanga iliyojitenga na Kongo, kusimamisha vita ya huko. Ndege ilitoka Léopoldville, usiku wa tarehe 17 kuamkia 18 Septemba ikaanguka msituni karibu na uwanja. Mmoja, mlinzi wake, aliishi siku kadhaa hospitali akisema aliona cheche angani. Hawakumsikiliza. Wachoma mkaa Waafrika nao walisema waliona ndege nyingine juu. Nao hawakusikilizwa. Wazee wa hapa hawajasahau nani alisikilizwa na nani hapana.

Mchimba Kumbukumbu

Na hapo kuna mkono wa Mtanzania, wakuu. Aliyekabidhiwa na Umoja wa Mataifa kuichimba upya ile ya Ndola tangu 2015 ni Jaji Mkuu wetu mstaafu, Mohamed Chande Othman. Ripoti yake ya 2017 ilisema inaelekea inawezekana shambulio au tishio la nje lilichangia, na nchi fulani kubwa hazijatoa mafaili yote. Lugha ya kijaji, pole pole, lakini imefungua mlango uliofungwa na tume za wakoloni zilizosema rubani alikosea.

Mzee wa Kijiweni

Rubani alikosea, rubani alikosea. Mbuzini 1986 Samora Machel, tume ya Makaburu ikasema rubani alikosea. Wasovieti wakasema mitambo ya kuongozea ndege ilighushiwa. Maiti haziulizwi.

Fundi Bawa

Na bado mzee, marubani hukosea kweli. Wote wawili wanaweza kuwa na haki: mtu mwenye maadui wengi naye anaweza kufa kwa mfuko wa barua.

Msomi wa Kraków

Tarehe 10 Aprili 2010, rais Lech Kaczyński na wenzake 95 walikufa kwa ndege ya serikali pale Smolensk, Urusi. Ukungu mzito, walikuwa wanashuka. Walikuwa wanaenda wapi? Katyn, kumbukumbu ya miaka 70. Ndiyo maana hapa ukimwambia mtu ajali ni ajali anakuangalia tu.

Mkazi wa Makindu

Nawasalimu kutoka Kenya. Mmesahau kwamba kabla ya Tengeru wengi walipita kwetu: walishuka Mombasa, kukawa na vituo Makindu, Nairobi na Rongai. Na Uganda walikuwa Koja na Masindi. Kanisa walilojenga Nyabyeya, Masindi, bado linasaliwa. Sijasikia huku mzee yeyote akitaja Sikorski, lakini wanataja watoto weupe waliokuwa wanatembea pekupeku.

Mama Junia

Hapo ndipo mimi naingia. Kwetu ni Tengeru, upande wa juu. Bibi yangu mzaa mama bado yuko, ana miaka 90 na ushee. Ngoja nimpigie kesho asubuhi, jioni hii ameshalala.

Kiti cha Nyuma

Uzi hauondoki bila bibi. Tunasubiri.

Mizani

Wakati tunasubiri bibi, hakuna aliyenijibu kuhusu mfuko wa barua.

Mama Junia

Nimeongea naye. Anasikia kwa shida, nilikuwa napiga kelele hadi jirani akaja kuuliza nani kafa.

Anawakumbuka. Anasema walikuwa wanakaa kwenye vijumba vya duara, na mama yake alikuwa akipeleka maziwa na ndizi, yeye anambebea kibuyu. Nikamuuliza: unakumbuka siku walipopata habari mkubwa wao amekufa? Akanyamaza. Akasema kuna siku walikwenda wakakuta akina mama wote wako nje ya kanisa, wengine wamepiga magoti kwenye vumbi, wanalia bila sauti, na hakuna aliyenunua maziwa. Kulikuwa na baridi, mahindi yanavunwa.

Mwalimu wa Zamu

Shikamoo yake mfikishie. Baridi na mahindi, inaweza kuwa Julai. Inaweza pia kuwa Julai ya mwaka mwingine, au msiba wa mtu wa hapo hapo kambini.

Mama Junia

Hata mimi nilimwambia hivyo. Akasema yeye hajui mambo ya ndege, anajua maziwa yalirudi nyumbani yakaganda. Na kuna mama mmoja wa kule kambini aliondoka na deni la vibuyu vitatu, alisema atalipa kwa sabuni. Anauliza kama huyo kijana anayesoma Poland anaweza kufuatilia.

Msomi wa Kraków

Mwambie bibi nimepokea faili. Vibuyu vya ukubwa gani?